Mmea umehamishwa chungu ukanyauka: jinsi ya kuuokoa hatua kwa hatua kwenye joto letu la Dar

Nianze na pislili yangu (ule mmea wa ndani wa maua meupe, peace lily) maana ndo iliyonifundisha. Niliinunua kwa wauza maua wa kando ya barabara ya Bagamoyo, ipo kwenye kiriba cheusi, majani yanang'aa, ina ua moja jeupe, nikafika nayo nyumbani Sinza Jumamosi saa saba mchana, mwezi wa pili, joto lile mnalijua, na saa hiyohiyo nikapasua kiriba nikakung'uta udongo wote nikaihamishia kwenye chungu kikubwa cha kufinyangwa na mbolea ya kuku niliyopewa na jirani. Jumapili asubuhi majani yote yamelala. Nikaona ina kiu, nikamwagilia. Jioni bado, nikamwagilia tena. Jumatatu nikaitoa nje ikae juani ipate nguvu. Wiki mbili hazikuisha shina likawa linabonyea kama ndizi iliyoiva kupita kiasi na udongo unanuka.

Nilirudi kwa mzee aliyeniuzia. Shikamoo mzee, ile pislili imekufa. Akaniuliza nimeifanyia nini, nikamweleza yote, akanyamaza kidogo alafu akasema, "Mwanangu, mmea ukihamishwa usiuone una kiu, una kidonda. Ungeuacha upone."

Ile kauli nimeishi nayo mpaka leo na imeokoa mimea mingi, yangu na ya majirani, kwa hiyo nataka niielezee vizuri maana ukiielewa hatua zote zinazofuata zinakuwa rahisi. Mmea haunywi maji kwa ile mizizi minene unayoiona, unakunywa zaidi kwa vinyweleo vidogo sana vilivyo karibu na ncha za mizizi, vyembamba kiasi kwamba kila kimoja ni seli moja tu. Ukivuta mmea kwenye kiriba, ukikung'uta udongo, ukikatakata mizizi ili ienee kwenye chungu kipya, vile vinyweleo vinakatika kwa maelfu. Majani yenyewe hayajui kilichotokea huko chini, yanaendelea kutoa maji hewani kupitia vitundu vyake kama kawaida, na kwa joto la nyuzi 32 na feni inazunguka yanatoa kwa kasi. Kwa hiyo kiu ipo kweli kwenye majani, ila mdomo ndo umeumia. Sasa ukimwaga maji zaidi humsaidii mtu ambaye hawezi kumeza, unachofanya ni kujaza maji kwenye zile nafasi za hewa zilizomo ndani ya udongo, na mizizi nayo inapumua, ikikosa hewa inaoza. Hapo stresi ya kuhamishwa inageuka ugonjwa wa kweli.

Hatua ya 1: hakikisha ni kidonda cha kuhamishwa na sio kitu kingine

Kwanza angalia tarehe. Kama mmea umeanza kulegea siku ileile au ndani ya wiki moja hivi tangu uhamishe, hiyo ndo yenyewe. Kama umehamisha miezi miwili iliyopita ukawa freshi alafu leo ndo unanyauka, tafuta sababu nyingine, geuza majani uangalie kama kuna vidung'ata, vile vyeupe kama pamba kwenye maungio ya jani na shina.

Alafu chukua kijiti cha mshikaki, kile cha mbao, kiwe kikavu, kichome kwenye udongo taratibu karibu na ukingo wa chungu mpaka karibu na chini, kiache dakika tano, kitoe. Kikitoka na udongo umegandia na kimebadilika rangi, kuna maji. Kikitoka kikavu kisafi, udongo ni mkavu. Mi nakiamini kijiti kuliko kidole maana kidole kinaishia juu, na kwa hali yetu ya hewa juu panaweza kuwa pakavu kabisa na chini kuna bwawa.

Sasa unganisha. Udongo una unyevu na majani yamelegea lakini shina ni gumu na hakuna harufu, huo ni mshtuko wa kawaida, utapona. Udongo mkavu na majani yamelegea, hapo ni kiu kweli na utaupa maji. Udongo umelowa, unanuka kama mtaro, na shina linabonyea pale linapoingia kwenye udongo, huo unaoza, ruka nenda hatua ya 7 leoleo usisubiri kesho.

Kipimo kingine ninachokipenda ni cha alfajiri. Mmea ukilala saa nane mchana alafu ukaukuta umesimama saa kumi na mbili asubuhi, huo unapona, mizizi imeweza kufidia usiku wakati majani hayapotezi maji mengi. Unaoamka bado umelala ndo wa kuutazama kwa makini.

Hatua ya 2: usiuhamishe tena

Hii inawashinda wengi kwa sababu moyo unakuambia chungu hakijaupenda mmea, rudisha kwenye kile cha zamani. Usirudishe. Kila ukitoa unakata tena vinyweleo vilivyoanza kuota jana. Sababu za kuutoa ni tatu tu kwa maoni yangu: chungu hakina tundu chini, mizizi inaoza, au umetumia mchanga wa baharini. Huu wa baharini nausema kwa nguvu maana huku kwetu ni rahisi mtu akienda Coco au Kigamboni kuchota kafuko, mchanga ule una chumvi na chumvi inauvuta unyevu usiende kwenye mizizi, mmea unakauka huku umelowa. Mchanga wa kutumia ni wa mtoni, ule wa kujengea, na bado uoshe.

Kama mmea unayumba ukiugusa, ufunge. Mzizi mpya ni laini mno na kila mmea unapotikisika na feni au mtoto akipita, unakatika. Chomeka kijiti pembeni ya shina, funga kwa kipande cha kanga iliyochakaa, legeza kidogo isikate shina.

Hatua ya 3: mahali pa kupumzikia

Unataka mwanga mwingi lakini sio jua la moja kwa moja. Hapa watu wanakosea pande zote mbili, wengine wanautoa juani upate nguvu kama nilivyofanya mimi, wengine wanauficha korido au bafuni kwenye giza wakidhani ndo kupumzika, wakati mmea unatengeneza chakula kwa mwanga na chakula hichohicho ndo unajengea mizizi mipya. Giza ni njaa.

Weka kiganja chako juu ya jani saa sita mchana. Kivuli chake kikiwa na kingo kali zimechorwa, jua ni kali mno, sogeza ndani au vuta pazia jepesi. Kivuli kikiwa kinaonekana ila kingo zimefifia, hapohapo pazuri. Usipoona kivuli kabisa, pana giza.

Kuhusu madirisha, nisikilize vizuri, kwa sababu ushauri mwingi unaousoma umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, wao dirisha la kusini ndo lenye jua mwaka mzima. Sisi Dar tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua linatupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa mwezi wa tatu na tena mwezi wa kumi. Kuanzia kama katikati ya Oktoba mpaka Februari mwishoni jua la mchana linaegemea kusini, na miezi iliyobaki linaegemea kaskazini. Kwa hiyo lile dirisha lililokuwa salama Julai linaweza kuunguza mmea wako Desemba. Dirisha la mashariki linalopata jua la asubuhi mpaka kama saa tatu ndo rafiki kwa mmea mgonjwa, miezi yote. La magharibi silipendi, jua la saa tisa linaingia na joto la siku nzima.

Uondoe kwenye njia ya feni na upepo wa AC. Feni sio mbaya chumbani, hewa ikizunguka fangasi hawapati raha, ila isiupulize mmea moja kwa moja. Na usiuweke nyuma ya friji wala karibu na jiko.

Hatua ya 4: maji

Hapa nitakaa muda mrefu maana hapa ndo mimea inapokufa.

Mara tu baada ya kuhamisha, mwagilia mara moja kwa ukamilifu mpaka maji yatoke kwenye tundu la chini, lengo ni udongo ushikane na mizizi na mashimo ya hewa makubwa yazibike. Baada ya hapo weka kopo chini. Usimwagilie kwa ratiba ya Jumatatu na Alhamisi, mwagilia kwa kijiti. Kwa mimea mingi ya majani, kama monstera, pislili, mani planti, subiri sehemu ya juu ikauke kama kina cha kiungo cha kwanza mpaka cha pili cha kidole. Kwa chungu cha plastiki hapa Dar msimu wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, hiyo inaweza kuchukua wiki nzima au zaidi, na Januari kwenye chungu cha kufinyangwa inaweza kuwa siku mbili. Ndo maana sitaki kukupa idadi ya siku. Inua chungu pia, uzoee uzito wake kikiwa kimelowa na kikiwa kikavu, baada ya wiki chache mkono wenyewe utakuambia.

Kuna tatizo moja ambalo nimeliona mara nyingi kwa mimea ya barabarani na wengi hawalijui. Udongo wa kwenye kiriba mara nyingi ni mzito, wa mfinyanzi, umeshikamana na mizizi kama tofali. Wewe nyumbani unaweka udongo mpya mwepesi kuuzunguka. Ukimwagilia, maji yanatafuta njia rahisi, yanapita kwenye udongo mwepesi pembeni yanatoka chini, na lile tofali katikati lenye mizizi yote linabaki kavu. Unaona maji yametoka chini unaridhika, kumbe mmea haujapata hata tone. Ukikichoma kijiti pembeni kinakuja na unyevu, kichome na karibu na shina pia, utashangaa. Dawa yake ni kutoboa matundu machache kwenye lile tofali kwa kijiti, taratibu, usichokonoe, alafu kalisha chungu kwenye beseni lenye maji yafike theluthi moja ya kimo cha chungu, dakika 20 mpaka 30, udongo uvute wenyewe kutoka chini, alafu toa uache uchuruzike vizuri kabla ya kurudisha mahali pake. Na kinyume chake kipo, tofali likishalowa linachelewa sana kukauka wakati pembeni pameshakauka, kwa hiyo usirudie beseni mpaka kijiti cha karibu na shina kiseme.

Aina ya maji nayo ina uzito. Visima vingi vya Dar, hasa maeneo ya karibu na bahari, vina maji ya chumvi, na mmea wenye kidonda hauyawezi, utaona ncha za majani zinakauka rangi ya kahawia na udongo unaota ukoko mweupe juu. Ya bomba yanafaa, yaweke kwenye ndoo wazi usiku kucha harufu ya dawa ipungue. Ya mvua ndo bora kuliko yote, masika ikifika kinga ndoo. Yale yanayodondoka kwenye bomba la AC hayana chumvi, nimeyatumia miaka kwa mimea ya ndani bila shida. Yasiwe ya baridi kutoka kwenye friji, yawe ya joto la chumba.

Chungu kipya cha kufinyangwa kiloweke kwenye maji masaa kadhaa kabla ya kukitumia, la sivyo chenyewe kinanyonya maji ya udongo na mmea unabaki kushindana na chungu. Kama ulishakitumia kikavu, basi jua kwamba siku za mwanzo udongo utakauka haraka kuliko unavyotarajia, pima kila siku.

Na jambo la nyumbani kwetu. Nyumba ina watu. Mama akipita anaona mmea umelala anauonea huruma anamwagia kikombe, dada anayesaidia kazi naye, mtoto anamalizia maji yake ya shule humo. Kila mmoja amefanya jambo jema na mmea umekunywa mara tatu. Teua mtu mmoja, waambie wengine kwa upole kwamba huyu ni mgonjwa, anahudumiwa na fulani tu.

Hatua ya 5: hewa

Utasoma kila mahali ufunike mmea kwa mfuko wa plastiki ili kuwe na unyevunyevu. Kwa nyumba zao zenye hita na hewa kavu sina ubishi. Kwa Dar mi nakataa, karibu mara zote. Hewa yetu ina unyevu wa kutosha wenyewe, nguo zenyewe masika hazikauki, ukiongeza mfuko juu ya joto hili unapika mmea na unafuga fangasi. Ninapofunika ni pale tu chumba kina AC mchana kutwa na mmea ni wa majani membamba kama kalathea, na hapo naufunika kwa kulegeza, mbali kabisa na jua, na kila asubuhi nafunua nusu saa upumue.

Kunyunyizia majani kwa chupa ya spreya kunapoza kwa dakika chache tu. Ukipenda fanya asubuhi, sio usiku, majani yasilale yamelowa. Kinachosaidia zaidi ni kukusanya vyungu pamoja, mimea ikikaa jirani inatunziana unyevu.

Hatua ya 6: mkasi, mbolea na dawa za mtaani

Mkasi: jani lililokauka au la njano kabisa toa. La kijani hata kama limelala liache, lile ndo jiko la mmea. Ila kama mizizi ilikatika nusu nzima na juu kuna msitu wa majani, punguza majani machache ya zamani ya chini, na maua yote kata, ua linakula nguvu nyingi na mmea mgonjwa hauna haja ya kupendeza sasa hivi.

Mbolea hapana. Sio samadi, sio NPK, sio yurea, sio busta ya kupulizia, kwa wiki 4 mpaka 6. Mbolea ni chumvi, na kwenye mizizi iliyojeruhiwa inaunguza. Samadi mbichi ndo mbaya zaidi, hasa ya kuku, inatoa amonia na joto inapooza, ile ndo iliyomaliza pislili yangu kabla hata ya maji. Kama umeshaiweka na haijapita siku nyingi, kwangua uondoe ya juu yote unayoifikia, alafu kama tundu la chini linapitisha vizuri, pitishia maji safi mengi taratibu, kama mara tatu ya ujazo wa chungu, yatoke yote, na usimwagilie tena mpaka pakauke.

Maji ya sukari, majani ya chai, soda, vidonge vya kutuliza maumivu vilivyosagwa, haya yote nimeambiwa na watu wenye nia njema kabisa. Sukari mizizi haiihitaji kutoka kwako, inalisha fangasi na kuita sisimizi. Majani ya chai yaliyolowa yakikaa juu ya udongo yanaota ukungu. Viache.

Hatua ya 7: ukiona unaoza, fungua

Hii ni oparesheni na inafanywa mara moja kwa uhakika. Fanya jioni jua likiwa limepoa, kivulini. Tandika gazeti, lalisha chungu, toa mmea kwa kushika chini ya shina bila kuuvuta, gonga pembeni mwa chungu ulegee. Osha mizizi kwa maji yanayotiririka kidogo ili uione. Mzima ni mgumu, mweupe au rangi ya krimu, na kwa baadhi ya mimea ni wa njano au kahawia lakini bado mgumu. Uliooza ni laini, mweusi au kahawia, ukiuvuta ganda linatoka linabaki kauzi kembamba katikati. Chukua wembe au mkasi uliofutwa na spiriti, kata kila kilichooza mpaka ufike kwenye kigumu, futa tena wembe kila ukihama mzizi.

Chungu kipya kiwe kidogo, hapa ndo wengi wanashangaa. Mizizi imepungua kwa hiyo chungu kipungue, kiwe kipana kuliko mizizi iliyobaki kwa sentimita 2 mpaka 5 tu. Chungu kikubwa kinabeba udongo mwingi ambao hakuna mzizi wa kuunywa maji yake, unakaa umelowa wiki nzima.

Udongo ninaochanganya mimi: makopo mawili ya tifutifu, kopo moja la usumba wa nazi uliolowekwa na kusuuzwa mara kadhaa kwa sababu unaweza kuwa na chumvi, na kopo moja la pumba za mpunga zilizochomwa au mchanga wa mtoni mkubwa. Ukipata chenga za mkaa zilizobaki kwenye gunia, tupia konzi moja, zinaupa udongo nafasi ya hewa. Usiweke kokoto chini ya chungu. Najua tumefundishwa hivo tangu shule, lakini maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto, yanasimama pale yanapokutana, kwa hiyo kokoto zinaupandisha ule ukanda wenye maji mengi karibu na mizizi. Tundu la chini, na kipande cha wavu wa dirisha kuzuia udongo usitoke, inatosha.

Panda kwa kina kilekile ulichokuwa nacho, shina lisizame. Usishindilie, gonga chungu chini mara mbili tatu udongo ujipange. Mwagilia kidogo tu, alafu rudi hatua ya 3.

Itachukua muda gani

Siku 3 mpaka 10 za mwanzo ndo mbaya zaidi, jani moja mawili ya chini yanaweza kuwa njano yakaanguka, usihangaike, mmea unayatoa sadaka ili ubebe yaliyobaki. Wiki ya 2 mpaka ya 4 mimea mingi inasimama. Alama ya kuaminika sio majani ya zamani kunyanyuka, ni kichipukizi kipya kutokea, maana mmea hautoi jani jipya bila mizizi ya kulilisha. Ukikiona, hesabu wiki mbili nyingine, alafu anza mbolea kwa robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, na kama ni mmea wa jua anza kuurudisha juani kwa nusu saa ya asubuhi ukiongeza kidogokidogo.

Ila mimea haifanani. Pislili inalala kwa kishindo na kuamka kwa kishindo, isikutishe. Fikasi, hasa ile ya majani makubwa, inaweza kupukutisha majani mengi na ikachukua miezi miwili bila kuonyesha kitu, kwangua kidogo gome la shina kwa ukucha, ukikuta kijani ndani iko hai, endelea kuisubiri. Areka na michikichi ya mapambo mingine haipendi kabisa kuguswa mizizi, hizo ukizihamisha usikung'ute udongo hata kidogo. Sansiveria na mshubiri zina akiba ya maji kwenye majani, zihamishe alafu zikae karibu wiki bila tone, vidonda vya mizizi vikauke kwanza. Na ule mmea wa ZZ ambao watu wanaununua kwa bei kubwa wakidhani umetoka ughaibuni, asili yake ni huku huku mashariki mwa Afrika kuanzia Kenya kushuka Tanzania mpaka Afrika Kusini, una viazi chini vinavyotunza maji, ukihamisha subiri wiki moja au mbili kabla ya kuumwagilia.

Mwenzetu mwingine ni ua la Usambara, lile dogo la zambarau lenye majani ya manyoya. Mbegu zake zilitoka milima ya Usambara kwenda Ujerumani mwaka 1892, zilipelekwa na Walter von Saint Paul-Illaire, na leo liko madirishani dunia nzima. Kwao ni mlimani kwenye ubaridi na kivuli, kwa hiyo hapa Dar linateseka zaidi likihamishwa kipindi cha joto. Lihamishe Julai, kwenye chungu kidogo, kitovu cha majani kisiguse udongo, na limwagilie kutoka chini kwa kisahani maana maji yakikaa kwenye majani yanaacha madoa.

Kwa mimea mingine, ukiwa na uchaguzi, hamisha kuanzia mwishoni mwa masika kwenda kipupwe, au siku za mawingu za vuli. Desemba mpaka Februari acha kabisa isipokuwa mmea unakufa. Mwagilia siku moja kabla, hamisha jioni, na mmea mpya wa barabarani uache kwenye kiriba chake wiki mbili nyumbani uzoee kwanza mwanga wa ndani.

Mwisho, kama mgonjwa wako ni monstera au mani planti na unampenda sana, usiweke matumaini yote kwenye chungu kimoja. Kata kipande chenye kifundo, kile kinundu ambapo jani linatokea na mara nyingi kuna kimzizi kinachungulia, kitumbukize kifundo kwenye chupa ya maji, weka dirishani, ndani ya wiki mbili tatu kitaanza mizizi. Hata mama akiondoka mtoto anabaki. Maji ya hiyo chupa badilisha kila baada ya siku tatu, na visahani vya chini ya vyungu vimwage kila jioni, dengue ya 2014 na ya 2019 tunaikumbuka, na mbu wake anazaliana kwenye maji machache ya hivyohivyo.